Keateka wa Kurasa Tatu

Mswada wangu wa kwanza wa riwaya ulikuwa na kurasa 184 na mhusika mkuu aliyeitwa Imani. Imani alikuwa mwenye bidii, mnyenyekevu, mcha Mungu, msamehevu na mwenye mapenzi ya dhati. Nazikumbuka sifa hizo kwa mpangilio huo kwa sababu ndivyo nilivyoziorodhesha kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kabla sijaandika hata sentensi moja ya hadithi, kila sifa na nambari yake, na chini ya kila nambari nikaacha mistari miwili mitupu ya kujaza tukio ambalo lingeithibitisha. Bidii: anaamka saa kumi alfajiri kupika uji wa kuuza. Msamehevu: anamsamehe binamu aliyemwibia nauli. Niliandika kwa miezi kumi na minne, aghalabu usiku baada ya kazi, na nilipoweka nukta ya mwisho nilikuwa na yakini kwamba hakuna msomaji atakayemchukia Imani. Katika hilo sikukosea. Hakuna aliyemchukia.

Mchapishaji mmoja wa hapa Nairobi alikaa na mswada huo miezi saba, kisha akanirudishia pamoja na barua ya mistari minne, wa tatu ukisema kwamba lugha ni safi lakini mhusika mkuu hamvuti msomaji. Nilikasirika kwa wiki mbili. Nilijiambia kwamba wahariri wa siku hizi wanataka wahuni na vimada tu, na kwamba mwadilifu amekosa nafasi vitabuni kama alivyoikosa katika siasa. Ilikuwa hoja tamu, nami niliirudia kwa kila aliyekubali kunisikiliza, mpaka Jumapili moja nilipomsomea shangazi yangu sura nne za mwanzo.

Shangazi huuza mboga Muthurwa, na Jumapili jioni humenya minji ya kuuza Jumatatu, kwa kuwa wateja wake wengi hununua wakiwa njiani kurudi nyumbani na hawataki kazi ya maganda. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, sufuria katikati ya miguu, nami nikasoma kwa sauti. Alimenya bila kuinua macho sura ya kwanza yote, ya pili yote na nusu ya tatu. Imani alifika Nairobi, akaibiwa, akaomba, akapata kazi, akasingiziwa, akasamehe. Minji ikaendelea kudondoka kwenye sufuria kwa mwendo uleule. Kisha nikafika mahali ambapo Imani anahamia katika ploti ya ghorofa saba huko Pipeline. Keateka wa ploti hiyo, yaani msimamizi wake, mwanamume niliyempa kurasa tatu tu kwa sababu nilihitaji mtu wa kumtishia Imani kidogo, anachukua kodi ya mpangaji mmoja aliyelipa mkononi, haifikishi kwa landilodi, na mwezi unapokwisha anapanda ngazi na kufuli kwenda kumfungia mpangaji huyohuyo.

Shangazi akaacha kumenya. "Alimfungia?"

Nikamwambia kwamba hilo sikuliandika. Baada ya hapo hadithi inarudi kwa Imani.

"Ngoja kwanza," akasema, ganda la minji likiwa bado limemning'inia kidoleni. "Hizo pesa alizipeleka wapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimeishi na Imani miezi kumi na minne, nikijua mpaka wimbo aupendao kanisani, na mtu wa kwanza kuulizwa swali katika kitabu changu alikuwa mwizi wa kurasa tatu ambaye sikuwa nimempa hata jina.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo kuhusu mahali nilikojifunza kumwandika mtu kama Imani, na jibu ni darasani. Sisi tuliosoma Kiswahili katika shule za upili za Kenya tulilelewa na karatasi ya mtihani ya 102/3, ile ya fasihi, yenye alama 80, ambayo mara kwa mara humtaka mtahiniwa aeleze sifa za mhusika fulani, au sifa na umuhimu wake, na kuithibitisha kila sifa kwa mfano. Tulizikariri sifa hizo kama majina ya vituo vya basi. Ni zoezi zuri kwa msomaji, kwa sababu linamzoeza kutosema jambo juu ya mtu bila ushahidi. Balaa huanza pale msomaji huyo anapogeuka kuwa mwandishi na kulipindua swali kichwa chini miguu juu, akatanguliza sifa kisha akazitafutia matukio. Mtahiniwa huifikia sifa mwishoni, baada ya kumwona mtu akitenda. Mwandishi anayeanza nayo anampa msomaji majibu ya mtihani ambao msomaji hakusajiliwa kuufanya.

Mtu aliye hai, kwanza, hajijui kwa sifa. Sidhani yuko muuza uji anayeamka saa kumi alfajiri akijisemea kwamba ana bidii. Anaamka kwa sababu makaa huchukua muda kukolea na vijana wa mjengo hupita saa kumi na moja u nusu, na wakimkosa leo, kesho watakuwa wamemjua muuza uji mwingine. Bidii ni neno letu sisi tunaomtazama. Yeye anajua makaa, saa na yule mpinzani wake wa kona ya pili. Nilipomwandika Imani nilimnyima hayo yote nikamwachia neno.

Wala si kweli, kama nilivyokuwa nikijitetea, kwamba jadi yetu ilimtaka mhusika mkuu awe mwema. Sungura wa ngano zetu ni mwongo, mvivu, na mwizi wa maji ya kisima ambacho hakushiriki kukichimba, na watoto humshangilia yeye, si wanyama waliochimba. Abunuwasi, aliyekuwa mshairi wa kweli, Abu Nuwas wa Baghdad ya enzi za Harun al-Rashid zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, aliingia katika hadithi za pwani yetu akiwa ayari wa kuwachezea wakubwa shere. Shaaban Robert ndiye niliyemtaja kila nilipobanwa, kwa kuwa aliwapa wahusika wake majina ya sifa, Adili, Utubora, Karama. Nilisahau kwamba aliandika hadithi za mafumbo, ambamo jina ni sehemu ya fumbo lenyewe, na nilisahau zaidi kwamba Karama hamwekwi mbele ya msomaji akiwa amekaa kitako na jina lake zuri: anawekwa mbele ya baraza, ameshtakiwa, na asipopata la kusema ameangamia. Mimi nilichukua jina nikaliacha baraza.

Yapo mashauri ya haraka ambayo kila anayeanza kuandika hupewa, na linalosikika zaidi ni kwamba shujaa apewe udhaifu. Nililijaribu; nikampa Imani woga wa giza. Haukusaidia lolote. Mfano ulioniondoa kwenye ushauri huo ni wa zamani, nao uko karibu sana nasi. Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka wa 1913 kutokana na masimulizi ya kale, hakuweza kuuawa kwa silaha yoyote ila shaba iliyochomwa kitovuni. Shuleni tulifundishwa kwamba hicho kitovu ndicho udhaifu wake, tukaandika hivyo, tukapata alama. Lakini kitovu ni habari ya mwili. Kinachokaa moyoni katika kisa kile ni kwamba siri ya shaba aliitoa Liyongo mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa mwanawe, na kwamba mwana huyo, akiwa amekwisha kuahidiwa makuu na mfalme, ndiye aliyemchoma babake usingizini. Hata hapo Liyongo hakuisha: alijikokota na upinde wake mpaka kisimani, akapiga goti, akafa mshale ukiwa umeelekezwa mbele, na watu wa mji wakawa hawathubutu kuteka maji wakidhani bado yu hai. Ondoa mwana, umebaki na mtu mwenye kitovu. Rudisha mwana, na msomaji anaanza kuuliza maswali ambayo hata utenzi haumalizi kuyajibu.

Basi nikamweka Imani kabatini nikamrudia keateka. Nilimwita Musa, na nilianza na swali la shangazi: pesa alizipeleka wapi?

Jibu la kwanza lililonijia, na ninalikiri kwa aibu, lilikuwa mtoto mgonjwa. Kodi ya Mama Chapo, yule mpangaji, muuza chapati wa chumba 14, ilikwenda hospitali. Niliandika kurasa kumi na moja za mtoto huyo, na homa yake, na kitanda chake, nikaenda nazo kwa shangazi. Alisikiliza kwa heshima, akasikitika inavyostahili, na minji ikaendelea kudondoka. Hapo ndipo nilipojifunza kuisikiliza sufuria kuliko uso. Mtoto mgonjwa alikuwa ameeleza kila kitu, na alipoeleza kila kitu alimwondolea Musa uamuzi wote. Mzazi yeyote angefanya vile, kwa hiyo Musa hakuwa tena mtu, alikuwa mzazi yeyote. Nilikuwa nimemwomba msomaji huruma kabla ya kumpa sababu ya kutaka kujua. Huruma ya namna hiyo hutolewa upesi, kama sarafu ya kumpa ombaomba kupitia dirisha la matatu, kisha gari likaondoka.

Jibu la pili nililipata katika duka la vifaa vya ujenzi kando ya Outer Ring Road, nilikokuwa nimekwenda kununua bomba la sinki. Mbele yangu alikuwa mwanamume wa makamo, koti kubwa, viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Aliuliza bei ya mabati ya geji 30. Akaambiwa. Akauliza mabati ishirini na sita yatakuwa pesa ngapi. Muuzaji akabonyeza kikokotoo akamwambia. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na ishirini na mbili?" Akaambiwa. "Na ishirini je?" Alipoambiwa ya ishirini alishukuru, akasema atarudi, akatoka. Hakununua hata msumari. Nilibaki nimeshika bomba langu nikijiuliza ni sehemu gani ya nyumba ile, popote ilipo, ambayo ingebaki bila paa kwa kukosekana mabati sita.

Musa, kwa hiyo, anataka mabati ishirini na sita. Anataka kuliezeka jiko la mamake kijijini kabla ya Krismasi, kwa sababu mdogo wake, fundi mwashi aliyeko Nakuru, amekwisha kujijengea nyumba yake na sasa amemwambia mama kwamba mwakani atamtengenezea jiko. Musa ndiye kifungua mimba. Kwa miaka tisa amewaambia watu wa kwao kwamba yeye Nairobi anasimamia majumba. Hawajui kwamba analala katika chumba cha chini kilicho karibu na matangi ya maji, asichokilipia kodi kwa kuwa ni sehemu ya mshahara wake. Hakuna mtu anayekufa katika jambo hili. Jiko la zamani lina nyasi zinazovuja, basi. Lakini nilipoandika mabati hayo niliona tofauti papo hapo, kwa sababu haja yake ilikuwa na hesabu, ilikuwa na tarehe, na kulikuwa na mtu mwingine, mtu mwema tena, ambaye angeweza kuitimiza kabla yake. Imani alitaka maisha mema. Maisha mema hayana idadi, hayana tarehe, na hakuna mtu anayeweza kukuwahi kuyanunua.

Hapa ningependa kukaa kidogo, maana ndipo penye kazi yenyewe. Haja peke yake haitoshi. Nilihitaji kujua Musa anajiambia nini anapochukua pesa zisizo zake. Mtu wa kawaida hasemi naiba. Nilitafuta neno lake kwa siku kadhaa, nikalisikia kwa kinyozi: kuzungusha. Musa hakuiba, alizungusha tu. Kodi ya mwezi huu itazibwa na ya mwezi ujao, ya mwezi ujao na ile ya mpangaji mpya atakayeweka amana ya chumba 9, na kufikia Januari mzunguko utakuwa umefunga. Neno hilo moja lilinipa mtu mzima, kwa sababu lilikuja na vifaa vyake. Mtu anayezungusha lazima awe na daftari. Katika daftari la Musa kila chumba kina mstari, na wapangaji wote wameandikwa kila mmoja kwa biro ya buluu, jina, mwezi, kiasi. Chumba 14 pekee kimeandikwa kwa penseli. Sikupanga penseli hiyo. Ilijiandika nilipokuwa nikielezea ukurasa, na nilipoisoma nilielewa kwamba Musa anaamini kweli kwamba atakuja kuifuta. Hakuna sifa katika orodha zetu za mtihani inayoitwa kuandika kwa penseli. Msomaji akitaka kumwita mwongo, au mwoga, au mwenye matumaini, shauri yake.

Sasa kufuli. Katika mswada wa kwanza niliikimbia sehemu hiyo. Safari hii nilimpandisha Musa ngazi hadi ghorofa ya tatu, jioni, kufuli ndani ya mfuko wa koti, landilodi akiwa amepiga simu mara mbili kuuliza kwa nini chumba 14 hakijalipa miezi miwili na kwa nini bado kiko wazi. Mlango umefunguliwa nusu, pazia limeshushwa, na chini ya pazia Mama Chapo anaviona viatu vya Musa na kuvitambua. "Ni wewe, Musa? Ingia, ya kwanza imeiva." Nilisimamisha kalamu hapo. Nilikuwa nimepanga kwamba atamfungia, au atatubu; nilikuwa nimeandaa hotuba kwa njia zote mbili. Musa hakufanya lolote kati ya hayo. Aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaipokea chapati kwenye kipande cha gazeti, akairusha kutoka kiganja hiki hadi kile kwa joto lake, akaila yote, huku uzito wa kufuli ukilivuta koti upande mmoja mpaka Mama Chapo akamuuliza kama begani kunamuuma. Akasema ni baridi tu. Akashukuru. Asubuhi yake, Mama Chapo alipokwenda kuuza kwenye steji, Musa akapanda tena akaufunga mlango.

Nilipomsomea shangazi ukurasa huo mikono yake yote miwili ilikuwa imelala juu ya minji. Alikaa kimya, kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Mshenzi huyu." Nilidhani nimeharibu. Nikaanza kufunga daftari. "Mbona unafunga?" akasema. "Endelea."

Neno hilo endelea, likitanguliwa na tusi, ndilo ninalolitafuta sasa katika kila hadithi. Wanafunzi wa fasihi watakumbuka mgawanyo wa mhusika bapa, yule wa sifa moja tu, na mhusika duara, ambao walimu wetu waliurithi kutoka kwa E. M. Forster, Mwingereza aliyeueleza mwaka wa 1927, naye alitoa kipimo ambacho darasani hakikutajwa sana: mhusika duara ni yule anayeweza kukushangaza na bado ukamwamini. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba duara ni yule anayebadilika tabia mwishoni, kwa hiyo wahusika wangu wote walitubu kwenye sura ya mwisho kama watu walioitwa mbele kanisani. Chapati ya Musa ilinishangaza mimi kwanza, mwandishi, na nilipotazama nyuma niliona kwamba hakuna alichoweza kufanya kingine. Mtu aliyewaambia watu wa kwao kwa miaka tisa kwamba anasimamia majumba atajuaje kukataa chakula bila kueleza sababu?

Mambo ya lugha nayo yana sehemu yake, na hapa Kiswahili humsaidia mwandishi na kumtega vilevile. Nilipoupitia upya mswada wa Imani niligundua kwamba karibu sura nzima ya kwanza imeandikwa kwa hu-. Imani huamka, huomba, hupika, huwasalimu majirani. Kiambishi hicho ni cha desturi, na desturi haina siku. Msomaji anasubiri siku ile ambayo jambo litatokea, na haiji. Sura ya kwanza ya Musa niliianza kwa "Siku hiyo Musa hakufungua maji," na sikuhitaji kueleza kwamba siku nyingine hufungua. Kuanzia hapo ni -ka- kufuata -ka-, akashuka, akakuta, akaulizwa, na wapangaji na mitungi yao tayari wamejaa uani.

Tena lugha yetu haimtofautishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. Niliandika kurasa nne za mwanzo bila kutaja jina, nikasema tu anafagia ngazi, anaficha daftari chini ya godoro, anahesabu, na mwenzangu mmoja katika kikundi chetu cha kusomeana aliamini mpaka mwisho wa kurasa hizo kwamba anasoma habari za mwanamke. Ni kwa ajili ya ule ufagio, alijitetea, na tulicheka sana. Nililitaja jina mapema baada ya hapo, ingawa nakiri kwamba iko hadithi nyingine ambayo ningeiandika makusudi kwa mtego huo.

Jina lenyewe si jambo dogo Nairobi. Mpe mhusika jina la ukoo na nusu ya wasomaji watakuwa wamekwisha kuamua anatoka wapi, alipiga kura vipi na kama wanamwonea huruma. Sikulikwepa tatizo hilo kwa ujasiri wowote. Nililikwepa kama wenyeji wa ploti wanavyolikwepa, kwa majina ya Musa, Mama Chapo, Keateka, majina ambayo watu huyapata kwa kazi au kwa dini na hayaulizi kwenu ni wapi.

Na jinsi anavyosema. Masimulizi yangu ni ya Kiswahili sanifu, lakini Musa nimempa ndimi tatu. Kwa wapangaji anasema kama mji unavyosema, "Mama, hii mwezi umechelewa," na mhariri akijaribu kunisahihishia iwe mwezi huu nitamkatalia. Kwa mamake, kwenye simu, anaongea lugha ya kwao, nami nimeiandika kwa Kiswahili kilichonyooka, kizito kidogo, cha mtu anayeongea taratibu kwa sababu anadanganya. Kwa landilodi ana maneno mawili tu, "Ndiyo, mzee," na landilodi, kama msomaji anavyokuja kugundua katika sura ya tano, ni kijana wa miaka thelathini na mmoja aliyeachiwa ploti na babake. Sikuandika popote kwamba Musa anadhalilika. Nilitaja umri wa kijana, nikaendelea.

Kuhusu sura na mavazi sina mengi ya kusema. Wasomaji husahau rangi ya macho kabla ya kufunua ukurasa. Koti linalovutwa upande mmoja na kufuli halijasahauliwa na yeyote niliyemsomea.

Mdogo wake wa Nakuru ndiye aliyenisumbua zaidi, kwa sababu kila nilipomwandika alitaka kuwa mbaya. Alijivuna, alimdharau kakake, alikuwa na tumbo. Alipokuwa hivyo Musa alipoteza uzito mara moja, akawa mtu aliyeonewa tu. Nilimwandika upya akiwa mwungwana, anayempigia kakake simu kuuliza kama wanunue mabati kwa pamoja, kumi na matatu kila mmoja, na Musa akamkatalia. Mabati kumi na matatu angeyapata bila kumgusa Mama Chapo. Nilipoiandika simu hiyo nilijua kwamba nimeupata moyo wa kitabu, na pia kwamba itanibidi niirudishe nyuma hadi sura ya pili, ili msomaji awe nayo wakati chapati inaliwa.

Sasa niko sura ya kumi na moja, ambayo imekataa kukaa kwa muda mrefu. Mzunguko umekatika, kama ilivyo desturi ya mizunguko, na Musa amerudi chumbani kwake karibu na matangi, amelitoa daftari chini ya godoro, ameufungua ukurasa wenye mstari wa penseli. Niliandika hapo, "Musa alijuta sana." Nikaisoma, nikaifuta. Nikaandika kwamba machozi yalimlengalenga, nikayafuta nayo. Iliyobaki jana usiku ni hii: anaufuta mstari kwa kifutio cha mtoto wa jirani, anapuliza vumbi la kifutio kutoka kwenye karatasi, anashika biro ya buluu ili aandike kwamba chumba 14 kililipa, kwa tarehe yake ya kweli, na wino unakataa. Anaichora biro kwenye kiganja, duara juu ya duara, mpaka ngozi inabadilika rangi.